Le Chatelier: Zaidi ya Kanuni Tuliyoikariri

Mtaje Le Chatelier mbele ya yeyote aliyesoma kemia kidato cha sita, utaona anavyojibu haraka kama mtu anayeitikia salamu. Mfumo uliotulia ukisukumwa, husogea upande wa kuupunguza msukumo. Ongeza joto, mmenyuko unaelekea upande unaokula joto. Ongeza mgandamizo, unaelekea upande wenye gesi chache. Basi, maksi zimeingia, funga daftari. Sasa muulize huyo Le Chatelier alikuwa nani, alizaliwa wapi, na kabla ya kanuni alikuwa akifanya kazi gani. Kimya. Wengine hudhani ni jina la kanuni tu, halina mwenyewe.

Mimi ni mtoto wa Tumbe, kaskazini ya Pemba, na nasoma kemia. Nimeamua kumwandika mtu huyu kwa sababu moja: kabla dunia haijamjua kwa kanuni, na hata baada ya hapo, alikuwa mtu wa moto na udongo. Alitaka kujua kinachotokea ndani ya udongo wa mfinyanzi unapochomwa. Swali hilo kwetu Tumbe si geni. Watu wa kule wamekuwa wakichoma udongo kwa zaidi ya miaka 1,000, na vigae vyao bado vimo mashambani. Nani aliuliza swali hilo kwa namna ambayo leo tunaweza kuipima? Ni yeye. Kwa hiyo ndugu msomaji, tuweke kanuni pembeni kidogo tumtazame mtu.

Nyumba ya nidhamu

Henry Louis Le Chatelier alizaliwa Paris tarehe 8 Oktoba 1850, mkubwa katika watoto sita. Baba yake, Louis, alikuwa mhandisi wa migodi aliyefanya kazi za reli na chuma, tena akawa miongoni mwa watu waliosaidia kuifanya alumini iwe kazi ya kiwanda Ufaransa. Wakati huo alumini ilikuwa kitu cha ajabu na cha bei kubwa. Louis alishughulika na njia ya kuitoa alumina, yaani oksidi ya alumini, kutoka kwenye jiwe la boksiti. Rafiki yake wa kazi alikuwa mkemia Henri Sainte-Claire Deville, na kijana Henry alipata bahati ya kuingia katika maabara ya bwana huyo. Yaani wakati watoto wengine wanachezea gololi, yeye anaangalia oksidi zinavyopikwa.

Mama yake, Louise Durand, ndiye aliyeshika nyumba, na aliishika kwa saa. Kuamka kwa wakati, kumaliza chakula chote kilichomo sahanini, kutimiza kazi kwa siku yake. Henry mwenyewe alikuja kusema uzeeni kwamba malezi hayo ndiyo yaliyomfundisha kupenda utaratibu, na utaratibu ukawa ndio silaha yake maisha yote.

Mwaka 1869 aliingia chuo cha École Polytechnique. Hakukaa sana vita vikaja. Septemba 1870 jeshi la Prussia liliizingira Paris, na wanafunzi wa chuo hicho wakapewa cheo cha luteni usu wakashiriki kuulinda mji. Fikiria, mwaka wa pili chuoni, badala ya mitihani unapewa askari. Vita vilipokwisha alirudi darasani, safari hii École des Mines, chuo cha wahandisi wa migodi. Alipohitimu alifanya kazi miaka miwili mikoani, na mwaka 1877 akarudishwa Paris kufundisha kemia chuoni hapo hapo. Alikuwa na miaka 27. Alimwoa Geneviève Nicolas, binti wa familia waliyojuana nayo, wakajaliwa watoto saba.

Angeweza kuishia hapo: ualimu, mshahara, familia, heshima. Kilichomtoa ni moto wa migodini.

Moto wa chini ya ardhi

Migodi ya makaa ya mawe ilikuwa ikilipuka. Gesi iitwayo methani hujikusanya ndani ya mashimo, taa ya mchimbaji ikiigusa, watu wanakufa kwa makumi. Serikali ya Ufaransa ikataka wataalamu watafute sababu na dawa. Le Chatelier akaunganishwa na mwalimu wake wa zamani, Ernest-François Mallard, mtaalamu wa madini na fuwele. Wawili hawa walipima gesi inawaka katika joto gani, mwali unakimbia kwa kasi gani, na mlipuko unafika joto kiasi gani.

Hapo ndipo walipogonga ukuta. Kupima joto la chai ni rahisi. Kupima joto la mwali au la tanuri lililo jekundu ni habari nyingine, kwa sababu kipimajoto cha zebaki hakifiki huko. Mafundi walikuwa wakitumia macho: jekundu la damu, jekundu la cheri, njano, jeupe. Mfinyanzi mkubwa wa Uingereza, Josiah Wedgwood, tangu miaka ya 1780 alikuwa akitia vipande vidogo vya udongo ndani ya tanuri na kupima vimesinyaa kiasi gani. Ni akili nzuri, lakini ni kupima udongo kwa udongo. Wataalamu wawili wakipima tanuri moja waliweza kutofautiana kwa mamia ya nyuzi.

Le Chatelier hakuridhika. Ilikuwa inajulikana tangu miaka ya 1820 kwamba ukiunganisha nyaya mbili za metali tofauti na kuupasha moto muungano wake, umeme mdogo unapita. Wengine walijaribu kuufanya huo uwe kipimajoto wakashindwa, majibu yakawa hayatulii. Yeye akakaa na tatizo mpaka akaliona: metali walizotumia zilikuwa zinaharibiwa na moto au hazikuwa safi. Mwaka 1886 akaja na waya mmoja wa platinamu safi, na wa pili wa platinamu iliyochanganywa na rodiamu asilimia 10. Ukipasha ncha, umeme unaoupata leo ndio utakaoupata kesho. Aliusawazisha kwa vitu ambavyo joto lake la kuchemka au kuyeyuka linajulikana, kuanzia maji yanayochemka, kupitia salfa inayochemka, mpaka dhahabu inayoyeyuka. Jozi hiyo ya nyaya inatumika mpaka leo viwandani na maabara. Wenzangu wa uhandisi wanaijua kama aina ya S. Wengi hawajui ni ya nani.

Waya ndani ya udongo

Sasa tumefika penye kiini. Akiwa na waya wake mpya, Le Chatelier aligeukia udongo wa mfinyanzi. Swali lake lilikuwa la mtu wa madini: udongo ni wa aina nyingi, mweupe, mwekundu, wa kijivu, na chini ya darubini za wakati ule chembe zake ni ndogo mno hazionekani sawasawa. Utajuaje huu na huu ni ndugu au si ndugu?

Mbinu yake ni nyepesi kuieleza. Uzuri wake unauona ukiifikiria. Alichukua udongo kidogo, akaushindilia kuzunguka ncha ya waya, akautia kwenye tanuri dogo lililopashwa kwa kasi ya karibu sawasawa. Umeme wa waya ulizungusha kioo kidogo cha galvanomita, na kioo kikarusha cheche ya mwanga kwenye bamba la picha kila baada ya muda ule ule. Kila cheche ikaacha mstari. Udongo ukipanda joto kwa kawaida, mistari inaachana kwa nafasi sawa. Udongo ukila joto bila kupanda, mistari inabanana. Udongo ukitoa joto lake wenyewe, mistari inaruka mbali. Kwa hiyo bamba la picha likawa kama mapigo ya moyo wa udongo.

Ukitaka kuelewa kubanana kwa mistari, kumbuka sufuria ya maji jikoni. Hata ukoleze moto vipi, maji yakishaanza kuchemka hayapandi zaidi mpaka yaishe, kwa sababu joto lote linatumika kuyageuza mvuke. Basi na udongo uko hivyo hivyo. Mahali mistari inapobanana, kuna kazi inafanyika ndani.

Mwaka 1887 alichapisha matokeo kuhusu athari ya joto juu ya udongo. Kaolini, ule udongo mweupe wa vyombo vya kauri, ulionyesha mambo mawili makubwa: kusitasita pale maji yaliyofungwa ndani yake yanapotoka, kisha, karibu na nyuzi 1,000 za sentigredi, kuruka kwa ghafla, udongo ukitoa joto wenyewe. Aina nyingine za udongo zilikuwa na alama zao nyingine, akazigawa makundi kwa alama hizo. Bila kuiona atomu hata moja, aliweza kuutambua udongo kwa tabia yake motoni. Njia hiyo ya kuchunguza kitu kwa kukipasha na kusoma joto lake ina wajukuu wengi katika maabara za leo, na Le Chatelier anahesabiwa babu yao.

Miaka miwili baadaye, 1889, alikuta jambo jingine. Kwatzi, ambayo ndiyo chembe ngumu za mchanga mwingi, ikifika kama nyuzi 570 hutanuka ghafla. Leo tunaiandika 573. Fuwele haiyeyuki wala haibadiliki kemikali. Mpangilio wake tu wa ndani unajinyoosha, na ukipoa unajikunja tena.

Kilichokuwa kimejificha: kurasa za daftari

Le Chatelier alijua kwamba kitu kinabadilika, na alijua kinabadilika wapi. Umbo lenyewe hakuliona. Ilibidi dunia isubiri mpaka 1912, ilipogunduliwa kwamba miale ya eksirei ikipita kwenye fuwele inatoa alama za mpangilio wa atomu. Mwaka 1930 Linus Pauling akaeleza jinsi madini ya udongo yalivyopangwa kwa matabaka. Le Chatelier alikuwa na miaka 80, bado hai.

Kaolini, msomaji mwenzangu, ni kama daftari. Kila ukurasa una nyuso mbili zilizogandana. Uso mmoja ni wavu wa silika, kila atomu ya silikoni imezungukwa na oksijeni nne. Uso wa pili ni alumini iliyozungukwa na oksijeni na vikundi vya oksijeni na haidrojeni. Kurasa hizi zimelaliana maelfu kwa maelfu, unene wa kila mmoja ukiwa kama sehemu saba za kumi za nanomita. Ndiyo maana udongo mbichi wenye maji unateleza mkononi na unafinyangika: chembe zake bapa zinapishana.

Uchome sasa. Kwanza unyevu wa kawaida unaondoka, karibu na nyuzi 100. Kisha, kati ya 500 na 600 hivi, vile vikundi vya oksijeni na haidrojeni vinavunjika na kutoka kama mvuke. Ni karibu asilimia 14 ya uzito wa kaolini safi, si kidogo. Kurasa zinabaki lakini zimekunjamana, mpangilio umevurugika. Kitu hicho tunakiita metakaolini. Endelea mpaka karibu 980: vurugu ile inajipanga upya kwa ghafla, fuwele za aina ya spineli na mwanzo wa fuwele nyingine iitwayo mulaiti vinazaliwa, na joto linatoka. Ule ndio mruko aliouona kwenye bamba lake. Ukipita 1,100 mulaiti inakua kama sindano, na ukifika kwenye 1,300 unapata kauri ngumu isiyopitisha maji, kama vile vyombo vya Kichina.

Ukilowesha udongo uliokaushwa juani, unarudi matope. Ukilowesha uliopita hatua ile ya nyuzi 500 na kitu, haurudi tena kwa kuloweshwa. Tofauti ya tope na chungu ni hiyo tu.

Tumbe walijua, hawakupima

Pale Tumbe palikuwa na mji mkubwa kati ya karne ya 7 na ya 10. Wanaakiolojia Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher wamepachimba, na mali kubwa iliyotoka ardhini ni vigae: vyungu vilivyofinyangwa hapa hapa pwani, pamoja na mitungi yenye rangi ya firuzi iliyopakuliwa kutoka Ghuba. Vimo pia, kwa maelfu, vipande vya vigae vyenye mifereji vilivyotumika kusugulia shanga za kombe. Yaani chungu kikivunjika hakikutupwa, kilikuwa kigumu kiasi cha kugeuzwa chombo cha kazi. Mji ule ulipoisha ukafuata wa Chwaka jirani yake, wenye msikiti na makaburi tunayoyaita ya Haruni, kuta zake zikishikwa kwa chokaa ya matumbawe yaliyochomwa.

Bibi yangu mzaa mama alijifunza kufinyanga kwa mama yake. Hajui Le Chatelier, lakini ukimtazama kazini unaona bamba lile la picha linatembea kwa miguu. Vyungu vikikauka kivulini, kwanza huvioteshea moto mdogo, vifuke tu, akisema chungu chenye maji ndani kikitiwa motoni ghafla kitapasuka. Sahihi: mvuke unatafuta njia. Kisha huvifunika kwa makuti, vifuu na kuni, akakoleza. Hapo ndipo kurasa zinapovunjika. Moto wa wazi wa namna hii kwa kawaida hufika kati ya 600 na 900, kwa hiyo umevuka mstari wa kutorudi matope lakini haujafika kwenye kauri. Na hiyo si kasoro. Chungu kinabaki na vitundu vidogo, maji yanajipenyeza na kukauka nje, ndiyo maana maji ya mtungi ni baridi bila friji. Mwisho, haruhusu mtu kukitoa chungu majivuni kikiwa cha moto, mpaka kesho yake. Udongo wake una mchanga, na mchanga ni kwatzi. Ukipoa haraka kupita 573, fuwele zinajikunja kwa ghafla na ufa unapita. Kisha hukigonga kwa kidole akasikiliza. Kikilia vizuri, kimeiva.

Sasa hivi wanaomfuata ni wachache. Sufuria ya alumini imeshinda, nyepesi, rahisi, haivunjiki. Hapa historia ina mzaha wake: baba alisaidia kuileta alumini viwandani, mtoto akaeleza siri ya chungu, na jikoni kwetu kazi ya baba imeifukuza kazi ambayo mtoto aliieleza.

Kanuni, na amonia iliyomponyoka

Turudi kwa Henry. Kanuni yake aliitoa mara ya kwanza 1884, akaiweka kwa maneno mepesi zaidi 1888. Haikutoka mawinguni. Ilitoka kwenye saruji, kwenye plasta, kwenye matanuri ya chuma. Mafundi wa chuma, kwa mfano, waliona gesi ya kaboni monoksidi ikitoka juu ya tanuri bila kutumika, wakadhani haikupata muda wa kutosha kukutana na mawe ya chuma. Wakajenga matanuri marefu zaidi, kwa gharama kubwa, na gesi ikatoka vile vile. Le Chatelier akaeleza kwamba tatizo si muda. Mmenyuko umefika kwenye msawazo wake, na hata ujenge mnara hautausogeza. Hesabu ya kalamu na karatasi ingeokoa fedha zile zote.

Mwaka 1887 pia alitoa tasnifu yake kuhusu chokaa na saruji zinazoganda majini, akaonyesha ni fuwele gani ndani ya saruji zinazofanya kazi ya kushika. Hata ndimi za moto za mafundi wa kuchomelea mageti zina alama yake: mwaka 1895 alionyesha kwamba asetilini na oksijeni vikichanganywa vinatoa mwali unaozidi nyuzi 3,000.

Lakini mtu huyu hakushinda kila mahali. Mwaka 1901, akifuata kanuni yake mwenyewe, alijaribu kuunganisha naitrojeni ya hewa na haidrojeni ili kupata amonia. Mgandamizo wa kama angahewa 200, joto la kama 600, chuma kikisaidia mmenyuko. Njia ilikuwa sahihi. Hewa ikaingia ndani ya chombo, kikalipuka, na msaidizi wake akanusurika kifo. Le Chatelier akaiacha kazi ile. Miaka michache baadaye Fritz Haber akaimaliza Ujerumani, na leo mbolea za viwandani za naitrojeni duniani zinategemea mmenyuko huo. Uzeeni Le Chatelier alikiri kwamba kuiacha amonia imponyoke ndilo kosa kubwa kuliko yote ya maisha yake ya sayansi. Mwenye kanuni alisimama mlangoni, mwingine akaingia.

Miaka ya mwisho

Alifundisha Collège de France tangu 1898, kisha Sorbonne tangu 1907. Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilimkataa zaidi ya mara moja kabla ya kumpokea mwaka huo huo wa 1907, kwa hiyo wewe uliyekosa nafasi mara moja usijinyonge. Mwaka 1904 alianzisha jarida la metali, na kupitia jarida hilo akawaletea Wafaransa mawazo ya Mmarekani Frederick Taylor kuhusu kupanga kazi kiwandani kwa saa na vipimo. Wafanyakazi wengi hawakuyapenda, na sioni ajabu: binadamu si tanuri. Hapo, kwa maoni yangu, malezi ya mama yake yalimpeleka mbali kupita kiasi. Siasa zake zilikuwa za mtu wa kale. Lakini kama mwalimu alisisitiza jambo moja miaka nenda miaka rudi: sayansi na kiwanda visitengane. Alifariki tarehe 17 Septemba 1936, akiwa na miaka 85.

Kwa nini nimemwandika

Kuna watakaosema udongo ni habari ya zamani, tuongee ya kisasa. Haya, toa simu yako mfukoni. Betri za simu nyingi zina oksidi ya lithiamu na kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia inachimbwa Kongo, upande wa Kolwezi. Oksidi hiyo nayo ni daftari: kurasa za kobalti na oksijeni, lithiamu ikiingia na kutoka katikati yake kila unapochaji. Betri iliyojaa ikipata joto kupita kiasi, kama nyuzi 200 na zaidi, kurasa zinajivuruga, zinageuka umbo la spineli na mengine, na oksijeni inatoka. Oksijeni hiyo ikikutana na vimiminika vya betri vinavyowaka, umesikia habari za simu kulipuka. Wanaozichunguza oksidi hizi huzipasha polepole na kusoma joto linaloingia na kutoka. Ni kazi ya 1887, vifaa tu ndivyo vipya.

Na kuna linalotugusa zaidi. Udongo wa kaolini ukichomwa kwenye nyuzi 700 au 800 ukawa metakaolini, ukichanganywa na chokaa au saruji, unashika vizuri mno. Siku hizi nchi mbalimbali zinatengeneza saruji za namna hiyo ili kupunguza klinka, ambayo inakula moto mwingi na kutoa kaboni nyingi. Tanzania ina kaolini Pugu, kilomita chache tu kutoka Dar es Salaam. Pemba saruji inavuka bahari kabla ya kufika, na bei nayo inavuka.

Nilipopendekeza mradi wangu wa mwisho uwe kupima joto la kuchoma vyungu kwa moto wa wazi, kuna mtu mwenye sauti katika jambo hilo aliniambia hiyo si kemia, ni mambo ya makumbusho, nitafute kitu cha kisasa. Nilijibu kwa adabu, nikamwandikia kurasa tatu juu ya Le Chatelier. Mada imepita. Kiangazi hiki nitachukua waya wa kupimia joto na daftari, nitakwenda kuutia ndani ya chungu cha bibi, na nitaandika joto kila dakika, kuanzia moto wa kufukiza mpaka majivu yapoe. Yeye ana miaka mingi, macho yamechoka, na maarifa yake hayajaandikwa popote. Asipopimwa sasa, kinachobaki ni vigae tu, na vigae havisemi moto ulikolezwa vipi.

Wenzangu mnaotafuta mada za utafiti, msianzie maktaba peke yake. Nendeni bandarini, kwenye karakana za mafundi, kwenye matanuri ya chokaa, jikoni kwa mama zenu. Mtu tunayemkariri mtihanini aliipata sayansi yake huko: kwenye shimo la makaa, kwenye tanuri la chuma, na kwenye donge la udongo lenye waya katikati. Swali lake lilikuwa la kawaida kabisa, kuna nini ndani humu kinapochomwa. Tofauti yake na wengi ni kwamba hakukubali kujibiwa kwa kukisia.